Afya ya mja haipimwi kwa kilo peke yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akampa sura, kimo na umbo kama alivyopenda Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni mzaha, ilhali ndani yake mna dhuluma, mna maradhi na wakati mwingine mna mauti. Nalo ni namna tunavyoitazama miili ya watu, hasa uzito wake, na namna mtazamo huo unavyoingia hadi katika chumba cha daktari.

Iangalie lugha yetu ya kila siku. Mtu mnene huitwa bonge au tipwatipwa. Mwembamba huitwa kimbaombao au njiti. Akipita barazani mwanamke mwenye mwili mkubwa, hakosekani wa kumhesabia anachokula. Akikonda, hakosekani wa kunong'ona kwamba ana maradhi anayoyaficha. Bibi arusi hukadiriwa kwa macho kabla hajatolewa salamu. Na ukimkataza mwenye maneno hayo, hukujibu upesi kwamba yeye anamtakia mwenzake afya.

Basi na tuulize kwa uadilifu: je, maneno hayo huleta afya? Na je, kilo alizonazo mtu zatosha kutuambia kama yu mzima au mgonjwa? Maswali haya wameyashughulikia kwa miaka mingi madaktari na watafiti wa lishe. Baadhi yao wameingia katika mwelekeo ambao kwa Kiswahili twaweza kuuita huduma ya afya isiyobagua uzito. Maana yake ni kwamba kila mtu, awe mnene au mwembamba, ahudumiwe kwa heshima moja, apimwe maradhi yake kwa ukamilifu, na ahimizwe matendo yanayojenga afya, bila kufanywa kilo zake kuwa ndiyo hukumu ya kwanza na ya mwisho juu yake.

Kipimo kilitoka wapi?

Ukienda hospitali leo utapandishwa kwenye mizani, utapimwa urefu, kisha itafanywa hesabu inayojulikana kwa herufi BMI. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 akiwa na kilo 64 hupata 25, na hapo huambiwa uzito wake umeanza kuzidi. Akifika kilo 77 hupindukia 30, na hapo huandikwa kuwa ana unene wa kupindukia.

Wengi hudhani hesabu hii ilibuniwa na madaktari ili kugundua maradhi. Haikuwa hivyo. Asili yake ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa falaki na takwimu wa Ubelgiji, aliyeishi kati ya mwaka 1796 na 1874. Katika miaka ya 1830 alikuwa akitafuta kanuni za kumweleza mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa akitibu mgonjwa yeyote. Ilipita zaidi ya karne moja, hata mwaka 1972 mtafiti wa Kimarekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, walipoichukua hesabu ile, wakaijaribu kwa maelfu ya wanaume wa nchi kadhaa, na wakaipa jina linalotumika hadi leo. Nao pia waliiona kuwa ni chombo chepesi cha kutafiti makundi ya watu.

Mipaka yake nayo imewekwa na wanadamu, na wanadamu wameibadili. Mwaka 1998 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani iliushusha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25, nao kabla ya hapo ulikuwa juu kidogo ya 27. Mamilioni ya watu waliolala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka uzito wao ukiwa umezidi, na miili yao haikuwa imebadilika hata kidogo.

Hesabu hii haitenganishi misuli na mafuta. Mchukuzi wa bandarini mwenye misuli iliyoshiba anaweza kuandikwa mnene, na karani mwembamba mwenye mafuta yaliyojificha tumboni akaandikwa mzima. Haioni mafuta yamekaa wapi mwilini, wala haijui sukari ya mtu, presha yake, wala usingizi wake. Ndiyo maana mwezi Juni mwaka 2023 chama cha madaktari cha Marekani kilipitisha azimio la kukiri upungufu wa kipimo hiki kikitumiwa peke yake. Na mwezi Januari mwaka 2025 jopo la wataalamu waliokutanishwa na jarida la tiba la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza kwamba mtu asihukumiwe kuwa na maradhi ya unene kwa hesabu hiyo pekee. Vitazamwe na vipimo vingine, kama mzunguko wa kiuno, na itazamwe kama viungo vyake vimekwisha kudhurika au la.

Wanachokisema watetezi wa mwelekeo huu

Mwaka 2003 ilianzishwa nchini Marekani jumuiya ya watu wa afya na wananchi wa kawaida waliokuwa wakitetea tiba isiyobagua miili. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Tracy Tylka walichapisha makala wakilinganisha njia mbili. Njia ya kwanza huufanya uzito kuwa ndio kitovu: mgonjwa hupewa lengo la kilo, na akishindwa huonekana mzembe. Njia ya pili huyafanya matendo na hali halisi ya mwili kuwa ndiyo kitovu: unakula nini, unatembea kiasi gani, unalala vipi, presha yako ikoje, sukari yako ikoje, moyo wako umetulia au umeelemewa.

Hoja yao kubwa ni hii: kupunguza uzito kwa kujinyima ni rahisi kukuanza na vigumu kukudumisha. Wengi hupungua kwa miezi michache, kisha kilo hurejea. Mwili wenyewe hupigana na njaa. Ancel Keys yuleyule tuliyemtaja alilishuhudia hilo kwa macho yake. Kuanzia Novemba mwaka 1944 hadi mwishoni mwa mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwalisha chakula kidogo kwa muda wa miezi sita vijana 36 waliojitolea, ili ijulikane jinsi ya kuwahudumia walionusurika na njaa ya vita. Vijana wale wenye afya na akili timamu walipoteza takriban robo ya uzito wao. Wakawa wazito wa mwendo, wenye baridi mwilini, wepesi wa hasira, na fikra zao zote zikawa ni chakula: kukiota, kukizungumza, kusoma vitabu vya mapishi. Iliporuhusiwa kula, wengi walikula bila kushiba. Hawakuwa walafi kwa tabia zao. Mwili ulikuwa ukidai haki yake.

Ushahidi mwingine umetoka Hispania. Watu wapatao 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo waligawanywa makundi. Baadhi yao walishauriwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde na samaki, wakiongezewa mafuta ya zeituni au lozi na kokwa za jamii yake, bila kuamriwa wapunguze kiasi cha chakula. Matokeo yalitolewa mwaka 2013, yakarudiwa kuchapishwa mwaka 2018 baada ya kurekebishwa kasoro za mpangilio wa utafiti. Yalionyesha kuwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Faida hiyo ilipatikana bila ya watu hao kupewa lengo la kupunguza kilo.

Na huko Marekani utafiti uliowahusisha wagonjwa wa kisukari 5,145 wenye uzito mkubwa ulisimamishwa mwaka 2012. Nusu yao walikuwa wamesimamiwa kwa karibu ili wapungue uzito, na wakapungua kuliko wenzao. Lakini baada ya takriban miaka kumi, mshtuko wa moyo na kiharusi havikuwa vimepungua kwao kuliko kwa wenzao. Juu ya hivyo walipata faida nyingine zisizo ndogo: sukari ilitulia zaidi, walitembea vizuri zaidi, na walihitaji dawa chache.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu, maana dini yetu haituruhusu kushuhudia upande mmoja. Hatusemi kwamba uzito hauna uhusiano wowote na maradhi. Uzito mkubwa huyaelemea magoti, huweza kumkata mtu pumzi usingizini, na huongeza uwezekano wa kisukari. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kuwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, walipofanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wakarekebisha chakula na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, waliopata ugonjwa walipungua kwa asilimia 58. Wapo wataalamu wengi wanaoona kuwa watetezi wa mwelekeo huu mpya wanaupuuza uzito kuliko inavyofaa. Daktari akimwambia mgonjwa wake, baada ya kumpima na kwa maneno ya staha, kwamba kupungua kutamfaa, hiyo ni nasaha, na mgonjwa aisikilize. Tunalolikataa ni kuufanya uzito kuwa ndio ugonjwa wote, na kuifanya dharau kuwa ndiyo dawa.

Dharau inavyoua

Hebu tutazame mfano mmoja mdogo, nao ni mkanda unaofungwa mkononi wakati wa kupima presha. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba mtu mwenye mkono mnene sana, akipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu ya presha husomeka ikiwa imezidi kwa takriban 20. Maana yake ni kwamba mtu mzima anaweza kupewa dawa za presha asizozihitaji. Na mwenye mkono mwembamba, akipimwa kwa mkanda huohuo, presha yake husomeka chini kuliko ilivyo, na ugonjwa wake ukapita bila kuonekana. Kwa hiyo kituo cha afya chenye mkanda wa saizi moja kinawadhulumu wote wawili, na wala hakuna aliyekusudia ubaya. Mambo kama kiti, kitanda cha kuchunguzia na joho la mgonjwa nayo ni hivyohivyo.

Kisha kuna dhuluma ya ulimi. Mwanamke mwenye mwili mkubwa huja na maumivu ya tumbo, akaambiwa apungue kwanza. Huja na maumivu ya mguu, akaambiwa apungue kwanza. Huja na damu isiyokatika, akajibiwa vilevile, mbele ya wagonjwa wengine, kwa sauti inayosikika hadi nje. Mtu wa namna hii hurudi nyumbani na hali yake, na safari nyingine huona bora abaki kitandani. Akija kurudi, huenda uvimbe umekwisha kukomaa. Ndugu msomaji, kilichomchelewesha hapo ni haya aliyotiwa na watu.

Upande wa pili, mwembamba hudanganywa na wembamba wake. Presha haichagui mwenye kitambi peke yake, na kisukari huwapata pia watu wembamba. Mtu husifiwa kila siku kwamba yu mkakamavu, hapimwi hata mara moja, hata siku anapoanguka kwa kiharusi watu wakashangaa. Kumsifu mtu kwa wembamba bila kumpima ni kosa la aina ileile.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tuna jeraha letu. Katika miaka ya 1980 nchini Uganda, ugonjwa wa UKIMWI ulipewa jina la Slim kwa sababu ya namna ulivyowakondesha watu, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo katika jarida la Lancet. Tangu wakati huo kukonda kumekuwa ni tuhuma. Wapo wanaoogopa kupungua hata pale daktari anapowashauri, kwa kuchelea macho ya majirani. Wapo pia wanaonunua vidonge vya kuongeza mwili vichochoroni bila kujua kilichomo ndani, kama walivyopo wanaonunua majani na dawa za kukondesha. Huko Mauritania, nchi ya Kiislamu, palikuwa na bado pana mabinti wanaolishwa maziwa na vyakula kwa nguvu, ada inayoitwa leblouh, ili wanenepe na kupata waume. Kwingine binti hujinyima hadi akazimia ili akonde apate mume. Sura ya jambo ni mbili, lakini asili yake ni moja: mwili wa mja umefanywa bidhaa ya macho ya watu.

Mafunzo ya Mtume (S.A.W.)

Sasa tuirejee dini yetu, kwani hapana jambo linalogusa heshima ya mwanadamu ila limewekewa mwongozo.

Imepokewa na Imam Ahmad kwamba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa akichuma miti ya mswaki. Alikuwa na miundi myembamba mno, na upepo ulipoipeperusha nguo yake, baadhi ya watu waliokuwapo wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini. Walipomjibu kuwa ni wembamba wa miguu yake, aliapa kwamba miguu ile ni mizito zaidi katika mizani kuliko jabali la Uhud.

Wakati huohuo Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Siku ya Kiyama ataletwa mtu mkubwa, mnene, asiwe na uzito wa ubawa wa mbu mbele ya Allah. Baadhi ya wahadhiri huitumia Hadithi hii kuwakejeli watu wanene mimbarini. Lakini Hadithi yenyewe inaiunganisha maana hiyo na aya ya 105 ya Suratul Kahf, inayowazungumzia walioyakanusha maneno ya Mola wao, amali zao zikaporomoka. Ziweke Hadithi mbili hizi pamoja na maana itadhihiri: miundi myembamba imeushinda mlima, na mwili mkubwa umeshindwa na ubawa wa mbu. Katika mizani ile nyama haihesabiwi kabisa. Kinachopimwa ni imani na amali. Na ndilo fundisho la ile Hadithi nyingine iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Allah hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo na matendo.

Ama Hadithi inayotaja kwamba watakuja watu baada ya karne bora na unene utadhihiri miongoni mwao, Imam an-Nawawi ameeleza katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim kuwa wanaolaumiwa ni wale wanaoutafuta unene kwa kuzidisha starehe. Yule ambaye ndiyo maumbile yake haingii katika lawama hiyo. Wanazuoni walikuwa na insafu kuliko sisi. Imam Shafi, ambaye ndiye imamu wa madhehebu ya wengi wetu katika mwambao huu, alisoma kwa Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, aliyefariki mwaka 189 Hijria. Ash-Shaybani alikuwa mtu mnene. Imam Shafi alimsifu kwamba hakupata kumwona mnene aliye mwepesi wa roho kuliko yeye, na akasimulia kuwa alibeba kutoka kwake elimu ya mzigo wa ngamia.

Tazama pia namna Mtume (S.A.W.) alivyoamiliana na watu wa nyumbani kwake. Bibi Sauda (R.A.) alikuwa mzito wa mwili na wa mwendo. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, aliomba ruhusa aondoke kabla ya msongamano wa watu, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na msimulizi wake ni Bibi Aisha (R.A.), aliyetamani naye angeliomba ruhusa hiyo. Hapakuwa na karipio, wala hakuambiwa apungue kwanza. Ibada ilipangwa kwa namna ambayo mwili wake uliiweza. Huu, kwa hakika, ndio moyo wa jambo tunalolizungumza leo, na lilitendeka zaidi ya karne kumi na nne zilizopita.

Na Bibi Aisha mwenyewe amesimulia, katika riwaya ya Abu Daud na Ahmad, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, naye Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni kwa ile. Tazama hekima iliyomo. Kuongezeka kwake hakukumtoa katika mchezo. Alialikwa tena kukimbia, na mumewe akawa pamoja naye.

Lakini siku Bibi Aisha alipoashiria ufupi wa Bibi Safiyya (R.A.), Mtume (S.A.W.) hakunyamaza. Katika riwaya ya Abu Daud na Tirmidhi, alimweleza kuwa amesema neno ambalo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Hilo lilikuwa ni neno moja la kimo. Sisi tunayasema mangapi kwa siku? Aya ya 11 ya Suratul Hujurat imekataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, na imekataza kuitana majina ya kuudhi. Bonge na kimbaombao yamo ndani ya katazo hilo iwapo mwenyewe anaudhika.

Israfu ni ya mlaji, si ya umbo

Huenda msomaji akauliza: je, Uislamu haukukataza kula kupita kiasi? Naam, umekataza. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imeruhusu kula na kunywa na ikakataza israfu. Na Tirmidhi amepokea Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.) inayofundisha kuwa kama hapana budi, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Lakini zingatia: makatazo haya yanahusu kitendo. Mwembamba anayejaza sahani tatu za pilau naye anaisrifu, na mnene aliyekula kiasi chake hana kosa. Huwezi kuijua israfu ya mtu kwa kulitazama tumbo lake. Kuna mwenye mwili mkubwa kwa kurithi kwa wazazi, kuna aliyeongezeka kwa uzazi, kwa tezi, au kwa dawa anazotibiwa nazo maradhi mengine. Kumdhania ulafi ni dhana, na baadhi ya dhana ni dhambi.

Vilevile Mtume (S.A.W.) alimfunza Abdullah bin Amr (R.A.) aliyekuwa akizidisha saumu na kisimamo kwamba mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo anayo mwenye kilo 50 na mwenye kilo 120. Kila mmoja ana amana, na kila mmoja ataulizwa kuhusu amana yake.

Nasaha zetu

Kwa madaktari na wauguzi wetu: mgonjwa anapoingia, msikilizeni shida iliyomleta kabla ya kuitaja mizani. Mkitaka kumpima uzito, mpimeni faraghani na namba isitangazwe ukumbini. Wawekeeni watu mikanda ya presha ya saizi mbalimbali. Mwulize mgonjwa mnene maswali yaleyale ambayo ungemwuliza mwembamba, na mwembamba mpime sukari na presha kama unavyompima mnene.

Kwa wazazi na wanandoa: mtoto akitaniwa nyumbani juu ya mwili wake, huanza kula kwa kujificha au kuacha kula kabisa. Msimpikie mnene chakula cha adhabu na wengine chakula cha raha. Badilisheni chungu cha nyumba nzima. Futari yetu imejaa sambusa, kachori, tambi za sukari na juisi tamu, na wote wanaoizunguka wanadhurika nayo, wanene kwa wembamba. Ziongezwe kunde, mchicha, samaki, matunda na maji. Na mume anayemkera mkewe kwa mwili uliobadilika baada ya kumzalia watoto, na akumbuke zile mbio za Mtume (S.A.W.), kisha amwalike mkewe watembee pamoja baada ya Alfajiri.

Kwa maimamu na kamati za misikiti: wanawake wengi hawana mahali pa staha pa kufanyia mazoezi. Ua wa madrasa ukitengwa saa moja kwa siku kwa ajili yao, utakuwa umefanya kazi kubwa. Na mimbari zisafishwe na mzaha wa miili.

Kwa wewe mwenye mwili mkubwa uliyechoshwa na maneno: usingoje kupungua ndipo uanze kuishi, wala usingoje kupungua ndipo uende hospitali. Nenda ukapimwe sasa. Uliza presha yako, sukari yako na mafuta ya damu yako, uzijue namba hizo kuliko unavyoijua namba ya mizani. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linawashauri watu wazima mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, nayo hayakuwekewa sharti la kilo. Mwendo wa dakika 30 kwa siku tano tayari unafikisha kiwango cha chini. Faida yake kwa moyo, sukari na usingizi hupatikana hata kama mizani haikusogea. Dawa za kukondesha za vichochoroni ziepuke, na zile za hospitali zisitumiwe ila kwa usimamizi wa daktari. Funga ya Ramadhani nayo nia yake iwe ni kwa ajili ya Allah. Faida ya mwili ikija ni neema, lakini isiwe ndiyo kibla ya saumu yako.

Na kwetu sote: tunapokutana na ndugu yetu baada ya muda mrefu, neno la kwanza lisiwe "umenenepa" wala "umekonda". Tumtolee salamu, tumwulize hali yake, kisha tuisikilize anavyotueleza.

Tunamwomba Allah (S.W.) aipe miili yetu afya na uzima, azitakase ndimi zetu na dharau, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao mizani zao zitakuwa nzito kwa amali njema siku ambayo hapatakuwa na mizani nyingine. Amin. Wabillahi tawfiq.